Mafuta yanayobaki kwenye mashudu: namna ya kupeleka swali la mashine yako chuo kikuu

Mwenye mashine ya kukamua alizeti Kongwa, Kondoa au Iramba akienda Chuo Kikuu cha Dodoma na kusema "mashine yangu haitoi mafuta vizuri", atapewa pole na kurudi. Akienda na nusu kilo ya mashudu, yaani makapi yanayobaki mbegu zikishakamuliwa, na swali moja, yaani yana mafuta asilimia ngapi, mtu wa maabara ya kemia ana kazi ya kuanzia.

Swali hilo lina pesa ndani yake. Chukua tani moja ya mbegu zenye mafuta asilimia 35. Mashudu yakitoka na mafuta asilimia 14, umeacha humo kilo 106 hivi. Yakitoka na asilimia 8, umeacha kilo 57. Tofauti ni zaidi ya lita 50 kwa kila tani, na sasa hivi unaziuza kwa bei ya chakula cha ng'ombe.

Sampuli ndipo wengi wanapoharibu. Usichote mashudu ya asubuhi, mashine ikiwa bado baridi. Ikishapata moto, chota konzi moja kila nusu saa kwa zamu nzima. Mwaga yote kwenye turubai safi, changanya, fanya duara, ligawe sehemu nne kisha tupa robo mbili zinazotazamana. Rudia mpaka ibaki nusu kilo. Yaache yapoe kabla ya kufunga mfuko, la sivyo mvuke utageuka maji ndani na kipimo kitadanganya. Fanya vivyo hivyo kwa mbegu za shehena ileile. Bila hizo, namba ya mashudu peke yake haisemi mengi. Andika tarehe, mashine na mbegu zilikotoka.

Barua iwe ukurasa mmoja, kwa Mkuu wa Ndaki ya Sayansi Asilia na Hisabati. Omba vipimo viwili, mafuta na unyevu, na uombe ankara kifani (karatasi ya makadirio ya gharama) kabla hujaacha sampuli. Maabara husaga sampuli, huvuta mafuta kwa heksani, kimiminika kinachoyeyusha mafuta, kwa saa kadhaa, kisha hupima uzito.

Majibu yakija, anza na unyevu. Mbegu mbichi huteleza kwenye skruu, chuma kinachozunguka na kuzikamua, na mashudu hutoka laini. Zilizokauka kupita kiasi huvunjikavunjika na mashine huziba. Asilimia 6 hadi 7 ni pazuri pa kuanzia. Unyevu ukiwa sawa na mafuta bado yamebaki mengi, fungua mashine: huenda skruu imelika. Mbegu zilizoanikwa chini hubeba mchanga, na mchanga hula chuma kuliko kazi yenyewe. Hapo maabara imemaliza zamu yake, nenda kwa fundi wa kuchomelea anayejaza chuma kilicholika, au uliza SIDO, shirika la serikali la viwanda vidogo.

Ukitaka mwanafunzi wa mwaka wa mwisho afuatilie msimu mzima, peleka ombi mwanzoni mwa mwaka wa masomo, mada zinapogawiwa. Ukisubiri mavuno, wenzako watakuwa wameshawachukua wanafunzi. Mkubaliane kwa maandishi kama jina la kiwanda litatajwa kwenye ripoti yake.

Na cheti cha maabara ya chuo usikibandike kwenye dumu. Alama ya ubora inatolewa na TBS, Shirika la Viwango Tanzania, kwa utaratibu wake.