Somo: Kumtambua mungu au satiri katika michoro ya tindikali ya karne ya 18

Swali la "huyu pichani ni nani?" limeulizwa hapa mara nyingi mno, kwa hiyo naliweka jibu mahali pamoja, na atakayeliuliza tena nitamrejesha huku. Mchoro wa tindikali ni picha iliyochorwa kwenye bamba la shaba kwa msaada wa tindikali, kisha ikachapwa kwenye karatasi; satiri ni kiumbe wa hadithi za kale za Kigiriki, nusu mtu nusu mbuzi.

1. Tafuta kwenye karatasi alama ya kingo za bamba la shaba. Isipoonekana, huenda imekatwa.

2. Soma maandishi ya chini: invenit humtaja aliyebuni, sculpsit aliyechonga, excudit mchapishaji.

3. Tazama kilichoshikwa na mnyama aliye karibu. Katika miungu ya Warumi wa kale, Jupiter ana tai na radi, Juno ana tausi, Neptune ana mkuki wa ncha tatu.

4. Usitaje jina kabla alama mbili hazijakubaliana. Wengi hukwama hapa, hasa kwa mchoraji Giambattista Tiepolo wa Venice (1696–1770). Katika michoro yake 23 ijulikanayo kama Scherzi di Fantasia bundi wamejaa tele, na kila anayejua kwamba bundi ni ndege wa Minerva, mungu wa kike wa hekima na vita, hukimbilia kumtafuta mungu huyo, ilhali hakuna kofia ya chuma, mkuki wala ngao. Humo mna satiri, wazee wenye vilemba na nyoka anayechomwa moto, lakini hakuna kisa kimoja kinachowaunganisha; ukilazimisha jina, umeongeza kisichokuwemo. Tahadhari nyingine: mchoro hugeuka unapochapwa, kwa hiyo upanga ulio mkono wa kushoto si ushahidi wa lolote.

Swali: Nina picha ya mtu mwenye miguu ya mbuzi. Ni nani?
Jibu: Satiri yeyote, au Pan, mungu wa wachungaji, ikiwa ana filimbi ya matete. Soma hatua ya 3 na ya 4, kisha uweke picha nzima.

Swali: Mwalimu, mbona satiri wa Fragonard, yule mchoraji Mfaransa, wanaonekana kama wamechongwa kwenye jiwe?
Jibu: Umeona vizuri, ndugu. Katika michoro yake minne ya mwaka 1763, baada ya kurudi kutoka Italia, aliwaweka satiri na wanawali wao kama sanamu za kale za ukutani, akazizungushia matete na majani. Bamba hupakwa nta, sindano huikwaruza, na tindikali hula shaba pale tu ilipoachwa wazi. Kwa kuwa sindano haipambani na shaba yenyewe, mkono huenda huru kama wa mwenye penseli. Chukua kioo cha kukuzia ulinganishe mistari ya majani na ile ya miili.

Swali: Je, Mercury, mjumbe wa miungu, ndiye Herme wa Matendo ya Mitume?
Jibu: Ndiye, sura ya 14, kule Listra; na Zeu anayetajwa hapo ni Jupiter. Mtafute kwa kofia yenye mabawa na fimbo ya nyoka wawili. Nyoka akiwa mmoja, fimbo ni ya Aesculapius, mungu wa tiba.