SOMO: Programu za wavuti kwa mwanachuo – lifuate ombi moja mpaka mwisho

Habari zenu wakuu.

Mwanafunzi wa kompyuta anaijua JOIN (amri ya kuunganisha majedwali ya hifadhidata) vizuri na mtihani wa mitandao amefaulu, lakini mwambie atengeneze fomu ya kuingia kwenye mfumo uone: anakimbilia video ndefu za React (zana ya JavaScript ya kujengea kurasa), anakopi kodi, na ikigoma hajui pa kuanzia. Si uvivu. Chuoni hifadhidata ni somo moja, mitandao ni jingine, programu ni la tatu, na mara nyingi hakuna kipindi cha kuonyesha yanapokutana. Yanakutana kwenye ombi: brauza inauliza, seva inajibu. Mfano wetu uwe mfumo wa kuazimisha vitabu vya maktaba.

Hatua ya 1. Andika ukurasa wa HTML wenye fomu ya jina na nenosiri, na kwenye fomu uweke method="post". JavaScript ya ndani ya ukurasa usiiguse kwanza. Ilikuja 1995, wavuti ikiwa tayari inatumika, na fomu inajua kujituma yenyewe.

Hatua ya 2. Tengeneza seva ndogo ya kuipokea. Express kama unaandika JavaScript, Flask kama unaandika Python. Mistari ishirini inatosha.

Hatua ya 3. Hapa usiwe na haraka. Bonyeza F12, fungua kichupo cha Network, kisha tuma fomu. Utaona mstari wenye neno POST (aina ya ombi la kutuma data), anwani, na namba ya jibu. 200 maana yake kazi imekwenda sawa. 401, seva haijakutambua. 403, imekutambua ila huruhusiwi. 404, ulichoomba hakipo. 500, kosa liko upande wa seva, kwa hiyo acha kuhangaika na kodi ya ukurasa. Bofya mstari huo usome mwili wa ombi: nenosiri lako lile pale, wazi kabisa. Hata kwenye HTTPS (HTTP inayoficha data njiani) utaliona hivyo, kwa sababu unalitazama kabla halijafichwa. Bila HTTPS, aliye katikati ya njia naye analiona. Kisha tafuta Set-Cookie kwenye jibu. HTTP haina kumbukumbu, kila ombi ni geni kwake, ndiyo maana seva inakupa kuki uirudishe kila unapouliza tena. Nusu ya maswali ya "mbona mfumo unanitoa nje" jibu lake liko hapo.

Hatua ya 4. Unganisha hifadhidata. Nenosiri lisihifadhiwe lilivyo; lipitishe kwenye bcrypt au Argon2 (njia za kulivuruga lisiweze kurudishwa lilivyokuwa). Thamani zitokazo kwa mtumiaji zipite kwenye vigezo vya hoja (nafasi maalumu za kujaza thamani), usiziunganishe na maandishi ya SQL, lugha ya hifadhidata, kwa alama ya kujumlisha, la sivyo mtu ataandika SQL yake kwenye kisanduku cha jina na seva itaitekeleza.

Sasa lile ambalo video nyingi huliruka. Imebaki nakala moja ya kitabu, na wanafunzi wawili wanabofya "Azima" kwa wakati mmoja. Kodi yako inasoma nakala, inaona 1, inaandika 0. Ombi la pili nalo lilisoma 1 kabla la kwanza halijaandika. Wote wawili wameambiwa wamepata kitabu. Ukijaribu peke yako hutaliona kosa hili kamwe. Dawa ni kuiachia hifadhidata ikague na kupunguza kwa mkupuo mmoja:

UPDATE vitabu SET nakala = nakala - 1 WHERE id = 7 AND nakala > 0;

Kisha angalia ni safu ngapi zimebadilika. Ikiwa sifuri, mwambie kimeisha. Amri hii na ile ya kuandika jina la muazimaji ziweke ndani ya muamala (transaction) mmoja, moja ikishindikana zote zirudi nyuma. Zile herufi ACID (sifa nne za muamala) ulizokariri darasani kazi yake ndiyo hii.

Hatua ya 5. Ndipo uingie React, au nyingine. Utaelewa inakuja kutatua nini: skrini ibadilike data inapobadilika, bila wewe kugusa kila kipande cha ukurasa kwa mkono.

Git (chombo cha kutunza historia ya kodi yako) anza nayo siku ya kwanza. Hilo halina mjadala.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, sisi bado tunafundishwa PHP. Si tunapoteza muda?
Jibu: Hapana. Ombi linaingia vilevile, kuki ni zilezile, SQL ni ileile. Cha kuogopa ni kufundishwa PHP ya zamani inayounganisha SQL kwa maandishi. Jifunze PDO (njia ya PHP ya kuongea na hifadhidata) na hoja zilizoandaliwa, zenye vigezo vya Hatua ya 4, kisha Laravel, mfumo wa kujengea programu kwa PHP.

Swali: Nikijaribu API yangu (anwani za seva zinazotoa data) kwa Postman, programu ya kutuma maombi, inajibu, ila kwenye brauza napata kosa la CORS, yaani ruhusa ya ukurasa kusoma jibu la asili nyingine. Tatizo ni nini?
Jibu: Ukurasa wako uko localhost:5173 na seva iko localhost:3000, sivyo? Mlango (namba iliyo baada ya nukta mbili) ukitofautiana, brauza inahesabu ni asili mbili tofauti na inauzuia ukurasa kusoma jibu. Postman si brauza, haina sheria hiyo. Seva ndiyo inayotoa ruhusa, kwa kichwa cha Access-Control-Allow-Origin. Na kama unatuma kuki, nyota (*) haikubaliki, taja anwani kamili.

Swali: Kuna kozi ya bure unayoiamini?
Jibu: Full Stack Open ya Chuo Kikuu cha Helsinki. Ina React, Node (JavaScript ya upande wa seva) na mazoezi mengi, na mapema kabisa wanakufungulia kichupo cha Network.

Swali: AI inaniandikia yote haya. Bado kuna haja?
Jibu: Iombe ikuandikie kitufe cha "Azima", halafu tuma maombi mawili kwa pamoja uone nakala zimebaki ngapi.