Somo: Kuhamia shampuu ya asilia bila kuchosha nywele

Wengi huiacha shampuu ya asilia wiki za mwanzo tu: nywele zinanata, zimekuwa nzito, hazipitiki kwa chanuo. Kisha wanaambiwa wavumilie, eti sumu zinatoka. Hakuna sumu inayotoka kwenye unywele. Kinachosumbua mara nyingi ni masalia ya bidhaa za zamani, na hayo yanaoshwa.

Hatua ya 1. Soma chupa unazoziacha. Viambato vinavyoishia na "-cone", kama dimethicone, ni silikoni. Huuvika unywele utando laini unaong'aa, na haiyeyuki kwenye maji. Sodium lauryl sulfate, kisafishi cha shampuu nyingi za kawaida, ndiyo yenye povu jingi na nguvu ya kung'oa mafuta pamoja na utando huo. Ukihamia shampuu laini huku kondishena ni ileile yenye silikoni, utando unarundikana kila unapoosha. Wengi wanakwama hapa, lawama inaangukia shampuu mpya. Badilisha vyote viwili siku moja.

Hatua ya 2. Osha masalia. Tumia shampuu ya kusafisha kwa kina isiyo na silikoni, mara mbili mfululizo, ndipo uanze ile mpya.

Hatua ya 3. Chagua kwa viambato, picha ya majani kwenye chupa isikushawishi. Decyl glucoside, coco glucoside na sodium cocoyl isethionate husafisha kwa upole.

Kuwa makini na sabuni halisi ya kipande, iliyopikwa kwa mafuta na kostiki. Pichi yake (pH, kipimo cha asidi na alkali) huwa karibu 9 hadi 10, wakati ngozi ya kichwa iko karibu 5.5. Kwenye pichi ya juu hivyo magamba ya unywele huinuka, nywele zinashikana na kukatika. Tena kama maji yako ni magumu, yaani yenye madini mengi, sabuni huungana na kalsiamu na kuacha ute mweupe usiosuuzika. Ukikwangua kichwani kwa kucha utauona. Bekingi soda nayo ni ya kundi hilo la pichi ya juu. Mimi siishauri kabisa.

Hatua ya 4. Jaribu kwanza. Paka kidogo kwenye kiwiko kwa ndani, subiri saa 48. Mafuta ya mti wa chai na ya lavenda ni ya asili, lakini kuna watu wanaopata mzio nayo.

Hatua ya 5. Osha ngozi ya kichwa. Lowesha nywele zirowe hasa, changanya shampuu na maji kiganjani, kisha sugua kwa ncha za vidole, si kucha. Povu likiwa dogo usiongeze shampuu, ongeza maji. Ncha za nywele zitasafishwa na povu linaloteremka.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, ni kweli kichwa kitazoea na kutoa mafuta kidogo?*
Usitegemee hilo, ndugu yangu. Tezi za mafuta huongozwa zaidi na homoni na urithi kuliko shampuu. Kichwa kikichafuka haraka, kioshe mara nyingi zaidi. Shampuu laini inaruhusu.

*Dada, siki ya tufaha ni lazima?*
Si lazima. Inamfaa anayetumia sabuni ya kipande, kwa sababu inashusha pichi. Kijiko kimoja cha chakula kwenye kikombe kikubwa cha maji, mwagia, kisha suuza. Usiipake bila kuizimua, inaunguza ngozi.

*Nina mba. Niache shampuu ya dawa?*
Hapana, mpenzi. Mba unahusiana na fangasi wa Malassezia, ambao hula mafuta ya ngozi ya kichwa. Ketokonazoli, dawa ya fangasi iliyomo kwenye baadhi ya shampuu za dawa, inawapunguza, shampuu laini peke yake haitoshi. Endelea na dawa kama ulivyoelekezwa, na siku nyingine tumia hiyo ya asilia. Kukiwa na vidonda au nywele zinanyonyoka mabaka, muone daktari wa ngozi.

*Natengeneza yangu kwa mshubiri, naiweka bafuni. Inakaa muda gani?*
Isikae. Chochote chenye maji bila kihifadhi huota bakteria na ukungu, na hutaviona mapema wala kusikia harufu. Tengeneza ya kuosha mara moja, inayobaki mwaga.