Ukimaliza mzigo Yiwu, tenga siku moja ya Zhujiajiao

Wengi wetu tunaofata mzigo China tunajua njia moja tu, airport, hoteli, soko la Yiwu, kwa wakala wa kontena, airport tena. Mimi nimeenda hivyo safari tatu nzima, ya nne ndege ikawa inaondokea Shanghai na siku moja imebaki, nikaenda Zhujiajiao, na toka hapo kila anayeniuliza namwambia usirudi nyumbani hujafika.

Ni mji wa zamani magharibi mwa Shanghai, umejengwa kwenye mto na mifereji, kuta nyeupe, paa za vigae vyeusi, na nyumba nyingi zina ngazi za mawe zinazoshuka mpaka kwenye maji.

Kabla hujaondoka nyumbani weka Alipay, app ya kulipia, kwenye simu, unganisha na kadi yako ya Visa au Mastercard na umalize uhakiki wa pasipoti hukohuko, maana China hata muuza maharage ya kukaanga anakuonyesha QR code ya kuskani ulipie. Google Maps usiitegemee, weka Amap, app ya ramani ya Wachina.

Kutoka Yiwu panda treni ya mwendokasi mpaka Shanghai Hongqiao, kama saa mbili hivi. Tiketi inakatwa kwa pasipoti kwahiyo ikae mfukoni, usiizike kwenye begi. Palepale Hongqiao panda metro, treni ya mjini, laini namba 17, kituo kinaitwa Zhujiajiao hivyohivyo, nauli haifiki yuan 10, halafu unatembea kama dakika 20. Kuingia mjini ni bure, tiketi ni za sehemu chache kama bustani.

Muda ndo kila kitu. Nenda siku ya kazi na ufike kabla ya saa tatu asubuhi, wamama bado wanafagia vibaraza na boti zimefungwa. Wikiendi, Mei mosi, na wiki ya kwanza ya Oktoba ambayo ni sikukuu yao ya taifa, achana nayo, mtaa wa Bei Dajie ni mwembamba mno na mtasukumana mpaka uchoke.

Anzia daraja la Fangsheng. Limejengwa 1571, la mawe, matao matano, na jina lake maana yake ni kuachia viumbe hai, ndo maana pale utakuta wanauza samaki wadogo kwenye mifuko ya maji, mtu ananunua anawarudisha mtoni kwa ajili ya thawabu. Panda juu kabisa utulie, usipige picha ukakimbia, utaona mto wote na boti zinapita chini yako, zinaendeshwa kwa kasia moja tu la nyuma, na mtu wa pwani kama mimi nilisimama pale muda mrefu namwangalia yule mzee anavyolizungusha.

Boti bei ni ya boti nzima sio ya kichwa, kwahiyo tafuteni watu mchangie, na muulize bei na mwisho wa safari kabla hamjakaa.

Kwa Waislamu, hapa muwe makini sana. Ile nyama nyekundu inayong'aa kila duka, na ule wali uliofungwa kwenye majani, mara nyingi ni nguruwe. Hifadhi maneno mawili kwenye simu, 猪肉 ni nguruwe, 清真 ni halali, uonyeshe kabla hujanunua. Mimi nilikula maharage mabichi ya soya yaliyokaushwa kwa moshi, matamu kweli, nikabeba na ya nyumbani.

Ukichoka na watu ingia bustani ya Kezhi, ilianza kujengwa 1912 na tajiri mmoja wa ukoo wa Ma. "Ke" ni kusoma, "zhi" ni kupanda, alitaka wanaosoma wasisahau jembe, na ndani kuna mabwawa, vibanda vya kupumzikia na eneo la kulima kabisa. Kaa huko mchana jua likiwa kali, halafu rudi mtoni jioni taa nyekundu zikianza kuwaka, ila saa ya metro ya mwisho uwe umeiangalia kituoni tangu asubuhi.