Jinsi ya Kuchunguza Historia ya Magereza ya Jimbo: Mfano wa Louisiana

Anayetaka kuelewa kwa nini Louisiana, jimbo la kusini mwa Marekani, kwa miaka mingi limekuwa miongoni mwa majimbo yanayofunga watu wengi zaidi kwa kulinganisha na idadi ya wakazi, asianze na takwimu za uhalifu. Aanze na sheria na mikataba, kwa kuwa humo ndimo anamoonekana aliyenufaika na mfungwa.

Soma kwanza Marekebisho ya 13 ya Katiba ya Marekani ya mwaka 1865, yaliyokomesha utumwa lakini yakaruhusu kazi ya kulazimishwa kwa mtu aliyetiwa hatiani. Kisha fuatilia mwanya huo. Kwa takriban robo karne, hadi alipofariki mwaka 1894, mfanyabiashara Samuel Lawrence James alikodishiwa wafungwa wa jimbo na kuwatumikisha katika matuta ya kuzuia mafuriko ya mto na katika shamba la Angola, lililoko humohumo Louisiana, ambalo zamani lilikuwa mali ya mfanyabiashara wa watumwa Isaac Franklin. Kwa kuwa mfungwa wa kukodi hakununuliwa, kifo chake hakikumtia mkodishaji hasara, na wengi walikufa. Jimbo lilichukua usimamizi wa wafungwa na shamba hilo mwaka 1901. Shamba hilo, ambalo sasa ni Gereza la Angola, lina takriban ekari 18,000, na wafungwa wangali wakilima humo.

Kanuni za mahakama zinahitaji subira zaidi. Mkutano wa katiba wa mwaka 1898, ulioazimia waziwazi kuimarisha utawala wa weupe, uliruhusu mtu atiwe hatiani kwa kura 9 za jopo la raia 12. Baadaye zikawa 10, na kanuni hiyo haikufutwa na wapiga kura mpaka mwaka 2018. Kwa hiyo usisome hukumu yoyote ya zamani bila kuuliza kura ziligawanyikaje.

Linganisha pia urefu wa vifungo. Kabla ya mabadiliko ya miaka ya 1970, mfungwa wa maisha mwenye mwenendo mzuri aliweza kutarajia kuachiwa baada ya miaka 10 na miezi 6. Sasa, kwa kawaida, hufia gerezani.

Unapohesabu wafungwa, usiishie Angola. Karibu nusu ya wafungwa wa jimbo wamekuwa wakiwekwa katika jela za masherifu, yaani wakuu wa polisi wa maeneo, ambao hulipwa na jimbo kwa kila mfungwa kwa kila siku, hivyo bajeti za masherifu hao zisomwe sambamba na takwimu za idara ya magereza.