Namna ya kuandika riwaya ya kumsaka mtega mabomu

Mwezi uliopita nilikaa siku tatu na binamu yangu tukiupasua muswada wake. Inspekta wake anamtambua mhalifu ukurasa wa 200 kwa sababu "moyo ulimwambia." Nikamuuliza, ndugu yangu, RCO (mkuu wa upelelezi wa mkoa) gani atakubali jalada lenye moyo ndani yake? Tulichofanya ndicho hiki.

Hatua ya 1: Soma kesi moja ya kweli mpaka uikariri

Mimi nang'ang'ania kesi ya George Metesky, New York. Mwaka 1931 aliumia kwenye mtambo wa umeme, na madai yake ya fidia yakakataliwa kwa kuwa aliyawasilisha muda umepita. Novemba 1940 akaacha bomu la kwanza kwenye jengo la kampuni ya umeme ya Consolidated Edison. Hadi 1956 alikuwa ametega yasiyopungua 33. Yaliyolipuka ni 22, na watu 15 wakajeruhiwa. Barua zake alizitia saini "F.P." tu.

Wengi wanaipenda kesi hii kwa ajili ya Dkt. James Brussel, mtaalamu wa magonjwa ya akili, anayesimuliwa kuwa alitabiri hata koti la vifungo safu mbili. Sawa, koti lina raha yake. Ila aliyempata Metesky ni karani wa kampuni, Alice Kelly, aliyekuwa akipekua mafaili ya zamani ya fidia Januari 1957. Akakutana na maneno yaleyale ya kulalamikia dhuluma na ulemavu wa kudumu yaliyokuwa kwenye barua za mtega mabomu. Riwaya yako iegemee hapo, kwenye karatasi.

Hatua ya 2: Mpe mhalifu kinyongo chenye tarehe

Siku, mahali, na barua iliyomjibu "hapana." Basi.

Hatua ya 3: Daftari la nani kajua nini, lini

Hapa nilipoteza wiki mbili kwenye riwaya yangu mwenyewe. Sura ya 9, sajenti anambana fundi bomba kwa neno moja la ajabu lililomo kwenye barua ya mhalifu. Barua yenyewe inafika kituoni sura ya 12! Niliusoma muswada mara nne nisilione kosa, maana mimi barua nilikuwa nayo kichwani tangu siku ya kwanza. Aliyeliona ni shemeji yangu, akiwa amebanwa kwenye daladala.

Nunua kaunta buku. Piga safu nne kwa rula: tarehe ndani ya hadithi, taarifa, nani aliipata, na lini iliingia kwenye jalada. Tumia penseli. Jedwali la kompyuta nimelijaribu. Nilipanga upya safu ya tarehe peke yake, tarehe zikahama, taarifa zikabaki pale pale, nikabaki na maiti aliyehojiwa siku mbili baada ya mazishi.

Safu ya tatu na ya nne usizichanganye. Koplo anaweza kuandika maelezo ya shahidi Ijumaa usiku, Jumamosi akaenda likizo, karatasi ikalala kwenye droo. Hapo polisi "wanajua" na hawajui. Usiifute nafasi hiyo, itumie: mhalifu atege jingine katikati yake.

Vielelezo navyo vina safari. Kipande cha waya kilichookotwa ukumbi wa sinema kinafungwa, kinaandikiwa, kinakabidhiwa kwa saini, kinakwenda maabara. Binamu yangu alipata majibu kesho yake asubuhi, kabla ya chai. Mwandikie mpelelezi wako siku za kungoja, na kila mkono uliokishika uutaje daftarini, kwa sababu wakili wa utetezi atauliza.

Halafu kuna kimya. Metesky aliandika kwamba hatatega bomu wakati wa vita, na mabomu yakarudi 1951. Miaka hiyo uiachie mistari mitupu kwenye daftari, lakini wapelelezi usiwagandishe: mmoja anahamishwa, mwingine anastaafu, jalada linapanda rafu ya juu.

Ukimaliza, ongeza safu ya tano kwa kalamu nyekundu: msomaji anajua lini? Akimtangulia inspekta kwa sura tano, atachoka naye.

Hatua ya 4: Bomu lenyewe

Liruke. Milio, vumbi, kiatu kimoja kwenye ngazi, inatosha. Msomaji hana haja ya kujua lilivyofungwa, na mimi simsaidii mwandishi anayetaka kueleza.

Hatua ya 5: Kumkamata

Iwe fupi. Polisi walifika kwa Metesky, Waterbury, Connecticut, usiku wa Januari 21, 1957, naye akawafungulia akiwa na pajama. Hakuna magari yaliyofukuzana. Akaenda kubadili nguo, akarudi amevaa koti la vifungo safu mbili, vyote vimefungwa.

Binamu yangu bado anataka mbio za pikipiki sura ya 31. Nimemwambia aziandike kwanza daftarini, safu zote tano, ndipo anipigie.