Ukishikwa na polisi, tuma saa uliyoshikwa kabla ya kitu kingine

Juzi Jumanne mpwa wangu alishikwa saa tisa mchana, lakini kituoni wakaandika saa moja jioni. Tofauti hiyo si ndogo. Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinataka ufikishwe kortini ndani ya saa 24 tangu kukamatwa, si tangu kuandikwa kwenye OB, daftari la matukio la kituo. Saa hizo zikiisha korti imefungwa, polisi wana hadi mwisho wa siku ya korti inayofuata. Kwa hiyo ukihesabu tangu saa tisa mchana, mwisho ni Jumatano. Ukihesabu tangu saa moja jioni, saa 24 zinaisha korti imefungwa, na mwisho unakuwa Alhamisi. Usiku mzima zaidi wa kulala kwenye sakafu ya seli!

Basi fanya hivi: askari akikwambia tu kwamba amekukamata, mtumie mtu wa nyumbani ujumbe mfupi, "nimeshikwa saa 9:10, stendi ya matatu, napelekwa kituo fulani." Ujumbe una saa yake, na wakili anaweza kuuonyesha hakimu. Mkifika, omba nambari ya OB, na uulize umeshikiwa nini. Kuambiwa sababu, kwa lugha unayoielewa, ni haki yako.

Haisaidii sana ukishikwa Ijumaa jioni, maana utasubiri Jumatatu. Simu ikichukuliwa mapema, mwombe aliye karibu aangalie saa na apige nyumbani. Kwa hivyo shika nambari moja kichwani. Usivutane na askari kwa sababu ya simu.